Tawi la chama cha kitaaluma: libaki chini ya makao makuu au lisajiliwe lenyewe?

Kamati za matawi mara nyingi hulifikia swali la usajili zikiwa tayari zimekasirika. Mtoa mada alishakuja, alishafundisha, alishaondoka, na ankara yake ina mwezi wa pili imelala makao makuu. Mjumbe mmoja anasema, "Tujisajili wenyewe, tuwe na akaunti yetu, yaishe." Wazo lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba linapimwa kwa kero ya siku hiyo, wakati usajili ni kazi ya miaka mingi itakayofanywa na watu ambao bado hawajachaguliwa.

Kwa hiyo hapa kila njia tunaipima kwa swali moja: kamati ya sasa ikiondoka, ile itakayofuata itaweza kuibeba kazi hii kwa saa chache za jioni na za mwisho wa wiki inazoweza kuzipata?

Njia mbili, na ile ya tatu inayowaponza watu

Vyama vikubwa vimegawanyika katika hili. IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki iliyoundwa mwaka 1963, huchukulia vitengo vyake vya mikoa kuwa sehemu ya taasisi yenyewe. Tawi la fani ndani ya kitengo huanza na ombi lenye saini za wanachama wasiopungua 12, na linatakiwa kufanya angalau mikutano 2 ya kitaalamu kwa mwaka. PMI, taasisi ya wasimamizi wa miradi iliyoanzishwa mwaka 1969, ilikwenda njia nyingine: matawi yake ni taasisi zilizosajiliwa zenyewe kisheria, zinazofungwa na PMI kwa mkataba. Huwezi kuwa mwanachama wa tawi bila kuwa kwanza mwanachama wa PMI, na ada ya tawi hulipwa juu ya ada ya taasisi.

Tofauti zinazoonekana katika kazi za kila siku ni hizi:

| Jambo | Chini ya makao makuu | Tawi lenye usajili wake |
|---|---|---|
| Mkataba wa ukumbi au hoteli | Husainiwa na chama, au na tawi kwa idhini ya maandishi | Tawi husaini lenyewe |
| Akaunti ya benki | Kwa jina la chama | Kwa jina la tawi |
| Hesabu za mwaka | Hupelekwa makao makuu na kuunganishwa na za chama | Tawi huandaa, hutafuta mkaguzi, huwasilisha kwa msajili na mamlaka ya kodi |
| Deni au shauri mahakamani | Huangukia chama kizima | Huangukia tawi |
| Kasi ya malipo | Siku kadhaa hadi wiki kadhaa | Siku hiyo hiyo, watia saini wakipatikana |
| Jina na nembo | Mnavitumia kwa kuwa ninyi ni chama | Mnavitumia kwa mkataba unaoweza kuvunjwa |

Mstari wa mwisho husahaulika. Tawi lililosajiliwa likigombana na makao makuu linaweza kubaki na pesa zake na kupoteza jina. Kabla ya kusaini mkataba, someni kipengele kinachoeleza nini kinatokea kwa orodha ya wanachama, tovuti na salio la benki siku mkataba unapovunjika. Kama hakipo, ombeni kiandikwe.

Njia ya tatu ni ya tawi lisilosajiliwa ambalo makao makuu hayajaliruhusu kuwa na akaunti, lakini linayo: akaunti iliyofunguliwa kwa majina ya watu wawili wanaoaminika. Inaanza kwa nia njema, kwa sababu benki haikuuliza mengi. Lakini mmoja akifariki, salio linaweza kuingia kwenye mirathi yake. Mamlaka ya kodi ikiuliza, mapato ya semina yanasomeka kama mapato ya mtu binafsi. Na kampuni inayotaka kudhamini mkutano wenu haitalipa ankara ya chama kwenye akaunti yenye jina la mtu, kwa kuwa mhasibu wake hawezi kuitetea mbele ya mkaguzi. Kama mko hapa, tokeni mwezi huu. Hamisheni salio lote makao makuu kwa barua inayotaja kiasi, kisha ombeni litengwe kwa jina la tawi katika vitabu vyao.

Lini usajili unalipa

Orodhesheni gharama za kudumu za kuwa taasisi: ada ya mwaka kwa msajili, mkaguzi wa hesabu, uwasilishaji wa taarifa za kodi hata pale ambapo hakuna kodi ya kulipa, makato ya benki, na bima ya dhima kama ukumbi unaidai. Gawanyeni jumla hiyo kwa mapato ya kawaida ya mwaka. Ikizidi sehemu moja ya kumi, bakini chini ya makao makuu. Hicho ni kipimo chetu, hakuna sheria inayokidai, lakini tawi linalotumia zaidi ya hapo kujithibitisha kuwa lipo huwa linapunguza mafunzo ili lilipe makaratasi.

Kipimo cha pili ni watu. Andikeni majina ya wanachama wawili walio nje ya kamati ya sasa ambao wanaweza kuwa waweka hazina na wamekubali kwa kauli yao wenyewe. Mkikosa hata mmoja, simamisheni mpango. Tawi lililosajiliwa halipumziki mwaka ambao hakuna aliyejitokeza: taarifa zinadaiwa vile vile, na faini huwakuta viongozi wapya wasiojua kilichotokea. Marekani, kwa mfano, taasisi isiyotozwa kodi ambayo haikuwasilisha taarifa yake ya mwaka kwa miaka 3 mfululizo hupoteza msamaha wa kodi moja kwa moja, hata ile ndogo ambayo taarifa yake ni fomu fupi ya kujaza mtandaoni. Linalowakwamisha ni kwamba aliyekuwa na nywila ya kuingilia alishahama.

Upande wa pili, kuna hali ambazo usajili hauepukiki: mnataka kuajiri mtu, kukodi ofisi kwa mwaka mzima, kupokea ruzuku ambayo mtoaji wake anadai cheti cha usajili, au makao makuu yako nchi nyingine na kila malipo yanavuka mpaka na kubadilishwa fedha. Hapo msisubiri.

Kama kero yenu ni ucheleweshaji wa malipo tu, jaribuni kwanza masurufu ya kudumu. Ombeni makao makuu yawape kiasi kinachotosha shughuli moja. Mkitumia, mnapeleka risiti na karatasi moja ya muhtasari, nao wanajaza pengo ili kiasi kirudi palepale. Masharti matatu yanaufanya mpango huu udumu: kila malipo yawe na saini mbili, marejesho yafanyike ndani ya siku 14 baada ya shughuli, na yasitoke masurufu mapya kabla ya yale ya mwanzo kurejeshwa. Mpango huu hufa pale sharti la tatu linapovunjwa. Mtu anapewa kwa mara ya pili "kwa dharura", risiti za mara ya kwanza zinapotea, na makao makuu yanafunga mlango kwa matawi yote.

Ada: ikusanywe wapi?

Makao makuu yakikusanya na kurudisha mgawo, tawi halina kazi ya kudai mtu pesa, na rejesta ya wanachama ni moja. Ubaya wake ni wakati. Mgawo huhesabiwa kwa idadi ya waliolipa hadi tarehe fulani, na unafika wiki kadhaa baadaye, hivyo robo ya kwanza ya mwaka mnakuwa mikono mitupu. Dawa yake ni kuingia mwaka mpya na akiba. Kiasi cha gharama za kudumu za miezi 6 kinatosha. Zaidi ya miezi 12, wanachama watauliza kwa nini wanalipa.

Tawi likikusanya lenyewe na kupeleka sehemu ya makao makuu, pesa zinaonekana mapema, lakini ugomvi ni mkubwa. Kosa la kawaida kabisa ni mweka hazina kutuma fungu moja la ada za watu 37 bila orodha, au na orodha ya majina bila namba za uanachama. Makao makuu yanapokea pesa na hayajui ni za nani. Mwanachama anakosa cheti, anapiga simu, anaambiwa hajalipa, na risiti ya tawi anayo mkononi. Mkichagua njia hii, kila fungu liende na jedwali lenye safu nne: namba ya uanachama, jina kamili, kiasi, tarehe ya malipo. Jumla ya jedwali iwe sawa na kiasi kilichotumwa mpaka senti ya mwisho, na ikiwa benki imekata gharama ya kutuma, ionyeshwe kama mstari wake peke yake.

Tunayoipendelea ni ya tatu: mwanachama analipa mara moja kwenye mfumo wa makao makuu, ada ya chama mstari mmoja na ada ya tawi mstari wa pili. Inafaa mifumo yote miwili ya usajili. Inadai kitu kimoja tu kutoka kwa tawi, nacho ni kupanga ada yake mapema, kabla mfumo haujafunguliwa kwa mwaka mpya.

Watia saini: mahali matawi yanapokwama

Hapa ndipo tofauti kati ya mifumo miwili inauma. Chini ya makao makuu, viongozi wakibadilika mnaandika barua, na ofisi inamalizana na benki. Tawi lililosajiliwa linakwenda benki lenyewe. Benki inataka dondoo ya kumbukumbu za mkutano uliowachagua watia saini wapya, iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu, pamoja na vitambulisho vya wapya. Majina katika dondoo yanatakiwa yafanane na ya kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Katibu ameandika "Mhandisi" na jina la ukoo tu, kitambulisho kina majina matatu, benki inakataa. Inabidi kumbukumbu zirekebishwe na kusainiwa upya, lakini mwenyekiti aliyeendesha mkutano ule ameshastaafu na kuhamia mbali. Tunajua matawi yaliyokaa robo mwaka nzima yakiwa na pesa benki yasiyoweza kuzigusa.

Fanyeni hivi. Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, katibu akusanye nakala za vitambulisho vya wagombea wote wa nafasi zenye saini. Azimio liandikwe mapema, likiwa na nafasi tupu za majina tu. Uchaguzi ukimalizika, majina yajazwe kwa kunakili kitambulisho, dondoo ichapwe na isainiwe kabla watu hawajatawanyika. Kisha, muhimu kuliko yote, mtia saini mmoja wa zamani asiondolewe mpaka wapya wamefanikiwa kufanya malipo madogo ya majaribio.

Watia saini wawe watatu, wowote wawili watoshe. Wakiwa wawili tu, mmoja akisafiri tawi limesimama. Wakiwa watano, hakuna anayejiona mwenye dhamana. Wasiwe mtu na mwenzi wake, wala bosi na msaidizi wake wa ofisi moja. Kwenye benki ya mtandaoni, anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha, hata kama mfumo unaruhusu.

Na barua pepe. Anwani ya tawi iwe ya cheo, iliyo chini ya jina la tovuti la chama, isiwe ya mtu. Angalieni pia namba ya simu ya kurejeshea nywila: mara nyingi bado ni ya katibu wa miaka 3 iliyopita, na msimbo wa kuthibitisha unakwenda kwake.

Muda wa uongozi

Mwaka mmoja unavutia wagombea kwa sababu mzigo ni mfupi, ila nusu ya kwanza inaishia kwenye kujifunza na robo ya mwisho kwenye kutafuta warithi. Miaka 2 inafaa zaidi, kwa sharti kwamba mwenyekiti na mweka hazina wasimalize muda wao katika mwaka uleule. Ngazi ya makamu anayekuwa mwenyekiti na kisha mwenyekiti aliyepita inaonekana nzuri kwenye katiba, lakini unamwomba mtu miaka 3 kwa mkupuo. Katika tawi la wanachama chini ya 100 nafasi ya makamu itakaa wazi. Tawi lililosajiliwa lichukue miaka 2 bila mjadala, kwa sababu ya ile kazi ya benki.

Akidi

Ukiacha pesa, hakuna kinachoharibu mkutano mkuu kama akidi iliyoandikwa kwa matumaini. Katiba inasema theluthi moja ya wanachama. Tawi lina watu 240 kwenye orodha, theluthi ni 80, na kwa kawaida wanakuja 45. Mkutano unafunguliwa, hesabu inafanywa, hakuna uamuzi unaoweza kupita. Kanuni za vikao za Robert, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na zinazofuatwa na vyama vingi, ziko wazi: mkutano usio na akidi unaweza kuahirisha, kupanga siku nyingine, kwenda mapumziko au kutafuta akidi, basi. Na kama katiba imenyamaza kuhusu akidi, kanuni hizo zinaweka zaidi ya nusu ya wanachama, jambo ambalo ni baya zaidi.

Linganisheni njia mbili za kuiandika. Asilimia peke yake inapanda kila orodha inapoongezeka, ikiwemo kwa majina ya watu walioacha kulipa. Idadi peke yake, tuseme 30, ni rahisi kuhesabu mlangoni, lakini tawi likikua mpaka 900 wachache wataamua kwa ajili ya wote. Andikeni: asilimia 15 ya wanachama waliolipa ada kufikia siku 30 kabla ya mkutano, lakini wasipungue 20. Kwa waliolipa 240 hiyo ni 36, idadi inayopatikana hata siku ya mvua. Wanaohudhuria kwa mtandao wanahesabiwa ikiwa tu katiba imesema hivyo. Hilo likamilisheni kabla ya uchaguzi, kwa sababu aliyeshindwa atasoma katiba kwa makini kuliko mtu yeyote.

Tawi lililo chini ya makao makuu likikosa akidi, kwa kawaida makao makuu yanaweza kuongeza muda wa kamati kwa barua. Lililosajiliwa halina wa kumwandikia. Kamati iliyopitiliza muda wake inaweza kupingwa katika kila ilichosaini.

Semina: nani anabeba hasara

Chukueni semina moja. Ukumbi, nauli ya mtoa mada na vyombo vya sauti ni 600 kwa fedha yoyote mnayotumia. Chakula na makabrasha ni 8 kwa kila mtu. Kiingilio ni 20. Kila mhudhuriaji anabakiza 12, kwa hiyo mnahitaji watu 50 kurudisha gharama. Sasa mmewahakikishia wapishi sahani 60, wakaja watu 41. Mapato ni 820, gharama ni 600 na 480, jumla 1,080. Mmepoteza 260, na pengo hilo lote limetoka kwenye sahani 19 zisizoliwa na wale 9 waliopungua.

Chini ya makao makuu, hasara hiyo inamezwa na bajeti ya chama, na mwaka unaofuata mnapunguziwa. Tawi lenye usajili linailipa kutoka akiba siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo tawi lililosajiliwa lisikubali kuhakikisha sahani kwa idadi ya waliojiandikisha. Lihakikishe kwa idadi ya waliolipa kufikia saa 72 kabla ya shughuli, na liandike kwenye mkataba kwamba inaweza kuongezwa kidogo asubuhi ya siku yenyewe. Semina ya bure ni tatizo jingine: wanajiandikisha wengi, kisha wengi wao hawafiki. Kiingilio kidogo, hata kinachorudishwa mlangoni, huwafanya watu watoe taarifa mapema.

Kuhusu mara ngapi mkutane, hatutumii maneno mengi. Eneo likiwa dogo, jioni moja kila mwezi. Watu wakitoka mbali, nusu siku kila robo mwaka. Mkutano wa mseto wa ukumbini na mtandaoni unahitaji mtu mmoja wa kusimamia mtandao peke yake, na akaunti ya Zoom iliyolipiwa, kwa kuwa ya bure hukata mkutano wa watu wengi baada ya dakika 40.

Katibu wa kujitolea au msaidizi wa kulipwa

Hesabuni vyeti. Semina ya watu 60, dakika 3 kwa kila cheti cha pointi za mafunzo endelevu, kuanzia kulinganisha jina na daftari la mahudhurio mpaka kukituma: saa 3 zimekwisha, kabla ya matangazo, usajili na kumbukumbu. Mkifanya semina moja kwa robo, mtu wa kujitolea anaweza. Mkifanya moja kila mwezi, katibu atachoka kabla ya mwaka kwisha, na vyeti vitaanza kuchelewa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Kumlipa msaidizi kwa saa ni rahisi zaidi chini ya makao makuu, maana ajira, kodi ya mshahara na bima vinashughulikiwa kule. Tawi lililosajiliwa linakuwa mwajiri lenyewe, na makosa ya mwajiri yanaadhibiwa haraka kuliko makosa ya chama. Kumpa kazi kwa mkataba wa huduma kunaweza kuepusha sehemu ya hayo, mradi sheria ya kazi ya mahali penu isimhesabu kuwa mwajiriwa.

Mkiamua kuhama

Uhamisho ufanyike siku ya kwanza ya mwaka wa fedha, usifanyike katikati, la sivyo mtakuwa na hesabu mbili za mwaka mmoja na mkaguzi atatoza kwa zote. Toeni muda wa miezi 6 hadi 9. Katiba mpya ipelekwe makao makuu kabla ya kwenda kwa msajili. Ikigongana na katiba mama mtairudia kazi yote. Salio lihamishwe mara moja kwa barua inayotaja kiasi na tarehe. Wadhamini waliokwisha kuahidi pesa wapewe ankara mpya yenye jina jipya, maana ile ya zamani haitalipika kwenye akaunti mpya.

Mali nayo iandikwe: projekta, bango la tawi, muhuri, kompyuta. Muhuri wa zamani urudishwe makao makuu siku hiyo kwa kusainiana, kwa kuwa kila karatasi itakayopigwa muhuri huo baada ya hapo itakuwa inakifunga chama ambacho hamko chini yake tena.